Waya Chini ya Godoro

Mkuyuni,
5 Juni 1994

Kwa mpagazi wangu Stambuli, mla michembe ya viazi uliyehamia Bigwa bila kukaribishwa,

Salamu nimezizuia kwanza mpaka unieleze umenifanyia nini ndani ya gari langu.

Jumamosi tulikuwa gulioni Matombo, mimi, Regina na mjukuu wetu Glory. Nguo zimetoka vizuri, hasa makoti, sijui watu wa kule wameota baridi gani. Tukalala humo humo garini kama kawaida. Asubuhi nafungua taa ya kitandani, kimya. Nafungua ya jikoni, kimya. Redio haikohoi. Nikamwambia mke wangu, basi tena, betri imekufa, tutafute vijana wa kusukuma. Regina akaanza kulaumu siku niliyopokea kiinua mgongo cha kiwandani nikakibadilisha na pikapu yenye nyumba mgongoni, badala ya mabati. Nikapiga ufunguo ili tu anyamaze. Gari likawaka!

Stambuli, nilishtuka nikaachia usukani. Miaka kumi na minane nimeendesha malori ya kiwanda, sijawahi kuona gari moja lenye umeme uliokufa na umeme ulio hai. Wale Wazungu wapima barabara walioniuzia hawakuniambia kitu kama hicho, ila wao nyaya zao zote zilikuwa zimeliwa na panya, na wewe ndiye uliyezifunga upya. Sasa nieleze, na ueleze kwa lugha ya mtu aliyepitia Morogoro, si ya mtu aliyebeba mizigo kutoka Tabora kwa kichwa.

Mtani wako mwenye milima yake,
Dominiko


Bigwa,
11 Juni 1994

Kwa Mluguru wangu Dominiko, mla magimbi, unayeogopa gari likiwaka na unaogopa lisipowaka,

Nimecheka mpaka jirani amekuja kuuliza. Sasa tulia, weka gimbi chini, sikiliza.

Gari lako lina betri mbili. Ya kwanza iko mbele, penye injini. Kazi yake ni moja: kupiga staata. Inatoa nguvu nyingi kwa mara moja, kisha inapumzika. Ya pili iko nyuma, ndani ya kisanduku chini ya kitanda. Hiyo ndiyo ya nyumba. Inatoa kidogo kidogo siku nzima: taa, redio, kile kipampu cha maji. Nimezitenganisha makusudi, ili ukimaliza ya nyumba kwa kusikiliza mpira, bado uweze kurudi kwako. Wewe ukaona ni uchawi.

Betri ni pipa la maji. Haitengenezi kitu, inatunza tu kile ulichotia. Anayetia ni altaneta, injini inapozunguka. Injini ikiwaka, swichi inaziunga betri zote mbili: kutoka mbele umeme unafuata waya mnene mwekundu, unapita chini ya godoro, unaingia betri ya nyuma. Ukilimaliza pipa lote kila siku, betri itakufa kabla ya mwaka. Ukifika nusu, zima taa, lala.

Halafu kuna fyuzi. Fyuzi ni mlinzi. Ndani yake mna kipande chembamba cha madini, na umeme ukizidi kinakatika chenyewe kabla waya haujaungua. Kila taa nimeipa fyuzi yake, pamoja na redio na pampu. Ziko ndani ya kile kisanduku cheusi karibu na mlango. Mwambie Glory azihesabu, maana wewe hesabu yako naijua tangu kiwandani.

Msalimie shemeji Regina. Mwambie akichoka na wewe, Tabora kuna asali.

Fundi wako usiyemstahili,
Stambuli


Mkuyuni,
3 Julai 1994

Mpagazi,

Barua yako nimewasomea watu wa nyumbani. Pipa limewaingia. Mpwa wangu Severini, ambaye siku hizi ananisaidia kuendesha, anajifanya mwalimu, anamfundisha kila mteja habari za betri mbili wakati mteja anataka suruali.

Nina habari. Magulio yamejaa wauza mitumba, kila mtu siku hizi ni mfanyabiashara, hata waliokuwa makarani wa ushirika. Ili watu waje kwangu nimenunua kipaza sauti na spika ile ya tarumbeta, nimeifunga juu ya kibanda, na Severini ameiunga kwenye betri ya nyuma. Inaimba kutwa. Inasikika mpaka misheni, Padri ameshanitumia katekista.

Maswali mawili. La kwanza ni langu: jioni tukitoka gulioni, betri ya nyuma ikiwa imechoka, ule waya mwekundu chini ya godoro unapata joto. Regina amelalia mkono akashtuka akadhani kuna mnyama. Anasema unanuka mpira kidogo, lakini Regina hunusa vitu ambavyo havipo.

La pili ni la Glory. Amehesabu fyuzi, amekuta saba, kila moja na taa yake au kitu chake. Anauliza, huu waya mnene kuliko zote, mlinzi wake yuko wapi? Nimemwambia Mnyamwezi amesahau kwa sababu ya njaa. Ana miaka sita lakini hakuridhika.

Dominiko


Bigwa,
12 Julai 1994

Mluguru wa spika,

Kwa hiyo sasa unapigia kelele milima yote! Nasikia mbuzi wa Matombo wamehamia Kisaki.

Waya kupata joto si ajabu. Betri ya nyuma ikiwa na njaa inavuta umeme mwingi kwa pupa, kama wewe kwenye sherehe za watu. Kuhusu Regina, mtu anayelala karibu na wewe miaka thelathini lazima anuse kitu. Na Glory mwambie mlinzi wa waya mkubwa yupo, amekwenda haja.

Lakini usiongeze kitu kingine. Na hiyo spika iondoe. Na ukipata nafasi pita Bigwa, kuna kitu kidogo nataka kukirekebisha humo, hata wiki hii. Usipokuja utafia humo kitandani, Mluguru wewe, halafu mimi nije nile ng'ombe wa matanga yako, na nilale ndani ya kaburi lako nikatae kutoka mpaka wapwa zako wanilipe. Nakwambia utakufa!

Stambuli


Mkuyuni,
24 Julai 1994

Kwa Mzee Stambuli,

Shikamoo.

Ninayekuandikia ni Severini, mpwa wa Dominiko, mtoto wa dada yake. Nasikitika kukuletea habari nzito. Mjomba Dominiko hatunaye. Jana Jumamosi asubuhi alikutwa ndani ya gari lake, kitandani, ameshakata roho. Hakuna jeraha. Ndani kulikuwa na harufu ya mpira kuungua, basi. Tumemzika leo baada ya misa.

Watu wengi wamekuja, lakini upande wa watani uko wazi. Wazee wanauliza Mnyamwezi wake yuko wapi, maana hakuna msiba wa Mluguru unaokwisha vizuri bila mtani kuja kuuchafua. Mwenyewe aliwahi kusema akifa hataki mtu mwingine aruke juu ya kaburi lake ila wewe. Matanga yataanuliwa Ijumaa. Njoo na jogoo wako wa utani.

Kwa niaba ya ukoo,
Severini


Bigwa,
27 Julai 1994

Shemeji Regina,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole. Sijui neno jingine la kukuandikia, na hilo lenyewe sina haki nalo.

Barua ya Severini nimeipata jana mchana. Nilikuwa nimeshika taa ya gari la mtu, ikaniponyoka ikavunjika. Sijala tangu hapo. Nilitafuta jogoo, nikampata, nikamfunga miguu. Kisha nikakaa kitako. Shemeji, mimi ni mtani wake na nimeshindwa kuja kwenye kaburi lake. Watu wangenitazama nikiruka na kutukana kama desturi inavyotaka, nami ndani najua nimemuua.

Nakuandikia ili usome mwenyewe. Ukishasoma mpe Severini, mpe na polisi ukitaka.

Siku Dominiko alipokuja kuchukua gari, kazi ilikuwa imebaki kitu kimoja. Ule waya mwekundu mnene unatakiwa kuwa na fyuzi yake kubwa, mwanzo wake pale kwenye betri ya mbele. Nilizunguka mjini maduka yote sikuipata. Yeye alikuwa na haraka ya kuwahi gulio, anapiga honi mlangoni, ananiita mpagazi mvivu. Nami ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa tangu tupunguzwe kiwandani. Niliona aibu kusema sina. Nikachukua kipande cha waya wa shaba, nikakisokota, nikakifunga mahali pa fyuzi, nikafunika. Nikajisemea akirudi nitaweka ya kweli. Hakurudi, na gari likawa linakwenda, na kadiri lilivyokwenda ndivyo ilivyokuwa vigumu kusema.

Pia waya huo unapita kwenye tundu la bati chini ya kitanda. Sikuuvalisha mpira pale. Bati limekuwa likiula kila gari linaporuka kwenye mashimo.

Aliniandikia kwamba una joto. Ulimwambia unanuka. Glory, mtoto wa miaka sita, aliuliza mlinzi yuko wapi. Wote watatu niliwajibu kwa mzaha. Nilipomwandikia kwamba atakufa nilikuwa namaanisha, shemeji. Ndilo neno pekee la kweli nililomwandikia, na nililiandika mahali ambapo nilijua hataliamini.

Sasa sikiliza, hili ndilo kubwa. Kama gari lipo na kuna mtu analala humo, mtoe leo. Kama Glory yumo, mtoe kabla hujamaliza kusoma. Spika izimwe. Injini izimwe. Severini achukue spana, afungue waya MWEUSI wa betri ya nyuma kwanza, kisha mweusi wa betri ya mbele. Mwekundu asiuguse kabla ya mweusi, spana ikigusa bodi cheche zitaruka, na humo mmejaza nguo. Gari lisiwashwe tena.

Barua hii namkabidhi utingo wa basi la Matombo mkononi mwake.

Sina cha kuomba.
Stambuli


Mkuyuni,
31 Julai 1994

Ndugu Stambuli,

Mimi Dominiko ni mzima. Sikufa. Nilimwambia Severini aandike, nami nikiwa kando namsomea maneno, tunacheka mpaka Severini akaharibu karatasi mbili. Ulikuwa umeshanizika mwenyewe katika barua yako, nikaona nikumalizie. Ile harufu ya mpira niliitia iwe chumvi, ili uogope kidogo kwa kazi yako. Nilitaka uje mbio na jogoo wako, uruke, utukane, unikute nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai. Regina alikataa tangu mwanzo. Alisema kifo hakiandikwi kwenye karatasi. Nikamwambia hajui utani.

Jana Jumamosi utingo akaleta barua, basi lake lilikuwa limelala njiani siku mbili. Juu imeandikwa jina la Regina, lakini Regina alikuwa ameondoka tangu Ijumaa na Severini na Glory kwenda gulio la Matombo. Mimi nilibaki kwa sababu marehemu hawezi kuonekana gulioni, watu wangekupa habari. Nikaona maandishi yako nikafurahi. Nikaita watu, Stambuli. Nilimwita jirani yangu Kondo na wale wa kwenye duka la mkaa, nikawaambia njooni msikie Mnyamwezi anavyolia. Nikaisoma kwa sauti.

Walicheka mpaka kwenye jogoo. Waliendelea kucheka ulipoandika umeniua, wakidhani unalipiza. Kisha nikafika kwenye kipande cha shaba. Nikasoma mwenyewe kimya. Kondo akaniuliza kuna nini, nikampa karatasi.

Nikachukua baiskeli ya Kondo. Vilima vile unavijua. Sikumbuki nilipita wapi, nakumbuka tu kwamba kila nilipokaribia kona nilikuwa natafuta moshi.

Spika niliisikia kabla sijafika. Severini alikuwa ameacha injini inanguruma ili betri ya nyuma isichoke na muziki usikatike. Yeye ndiye mwalimu wa betri. Regina yuko nje anampimisha mtu koti. Nikauliza Glory yuko wapi. Akasema amelala ndani, juu ya robota la masweta.

Nilimvuta mguu mmoja nikamtoa, akaamka analia. Nikazima injini. Nikaingiza mkono chini ya godoro. Mpira wa waya ulikuwa umelainika, ukabaki vidoleni mwangu, na ubao pale kwenye tundu la bati ulikuwa mweusi, una shimo la kuingia ngumi. Godoro kwa chini lilikuwa limeshaanza kuwa kahawia. Nilifungua mweusi wa nyuma kwanza, kisha mweusi wa mbele, kama ulivyoandika. Spana ilianguka mara tatu.

Watu waliponiona walianza kukimbia, wengine walikuwa wameshasikia kwamba nimekufa. Kumbe Severini alikuwa amemwandikia na mtani mwingine wa hapo Matombo.

Usingeamini uongo wangu, mtoto angeungua. Ningekuwa mtu mzima mwenye akili, nisingeuandika. Na wewe ungenyoosha maneno siku ya kwanza, nisingekuwa na la kuandika. Sijui nikushukuru au nikupeleke mahakamani. Nimejaribu kukutukana katika barua hii ili moyo wangu upoe, matusi yote niliyokuwa nayo yamenikimbia. Ndiyo maana nimekuita ndugu.

Dominiko


Ndugu Stambuli,

Naandika nyuma ya karatasi ya mume wangu, nafasi ni ndogo.

Mimi si mtani wako, ni mke wa mtani wako, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Miezi miwili mmeandikiana ninyi wawili. Mmoja anajua waya ni mbovu, anatania. Mwingine anaona waya una moto, anatania. Mjukuu wangu alikuwa amelala juu ya utani wenu.

Barua uliyoniandikia mimi ndiyo ya kwanza kuandikwa kwa akili. Mlihitaji mtu afe ndipo mseme kweli. Nimeitunza, na karatasi moja aliyoiharibu Severini nimeitunza pia. Glory bado anauliza mlinzi wa waya mkubwa alikuwa wapi. Sijamjibu. Mjibu wewe.

Regina


Bigwa,
3 Agosti 1994

Dominiko,

Nilipofika kwenye maneno "Sikufa" nilikaa chini barabarani, mbele ya watu. Sikuona aibu. Kisha nikaendelea kusoma, nikafika kwenye robota la masweta, nikatamani tungekuwa tumekufa wewe na mimi kuliko yule mtoto kulala pale. Nisamehe kwa kuandika hivyo, lakini nimeapa kutokukuandikia tena kitu nisichokimaanisha.

Namjibu Glory. Umsomee mwenyewe, na Regina awepo.

Glory mjukuu wangu, mlinzi wa waya mkubwa hakwenda haja. Alikuwa kwangu. Nilimwambia bibi yako kwamba nilizunguka mjini sikuipata hiyo fyuzi, na ni kweli, mwezi wa tano sikuipata. Lakini kuna jambo sikuliandika hata kwake, nilipomdhania mjane. Tarehe tisa Julai, siku mbili baada ya Sabasaba, mtu alikuja na vipuri kutoka Dar es Salaam, nami nikainunua. Nilikuwa nayo mezani siku tatu baadaye nilipokuwa namwandikia babu yako mambo ya mbuzi wa Matombo. Haina uzito, ingeingia kwenye bahasha ile ile. Ila ningeituma, ingebidi niandike na ni ya nini.

Dominiko, naiweka humu. Usiifungue kwenye upepo, ni ndogo, itapotea. Waya mpya, mnene kuliko ule, na mpira wa kwenye tundu vinafuata kwa mkono wangu Jumapili, kama mtaniruhusu nifike. Msiponiruhusu, mpeni fundi mwingine yeyote. Ni kazi ya dakika kumi.

Stambuli